Sakafu na Kiunga: Historia Fupi ya Bustani za Juu ya Nyumba

Katika Kiswahili liko neno moja ambalo, lilipovuka bahari kuja pwani yetu, liligeuka upande. Katika Kiarabu neno saqf ni kile kifuniko kilicho juu ya kichwa cha mwenye nyumba, yaani paa. Kwetu sisi neno hilo hilo, sakafu, ni mahali pagumu pa chokaa au saruji tunapopakanyaga kwa miguu. Mgeni asiyepata kuingia katika majumba ya mawe ya Lamu au Unguja huenda akadhani kwamba wazee wetu walisikia vibaya. Sivyo. Katika nyumba ya ghorofa kitu kimoja hutenda kazi mbili: kwa akaaye chini ni kifuniko, na kwa akaaye juu ni ardhi. Mwarabu alikitaja kwa kukitazama kutoka chini. Mswahili akakitaja kwa kukikanyaga. Hata hivyo maana ya kale haikupotea kabisa, kwani lile paa bapa la kokoto na chokaa nalo liliitwa sakafu.

Makusudi ya makala haya ni kueleza kwa ufupi historia ya bustani zipandwazo juu ya majumba katika miji iliyosongamana. Mimi si mjenzi, wala si mkulima. Kazi yangu ni lugha. Lakini nadhani neno hili la sakafu lina jambo la kuwafunza wajenzi wa leo. Tukizipitia habari za bustani hizo tangu zamani, tutaona kwamba zilizodumu ni zile ambazo watu walianza kwa kufanya sakafu, yaani ardhi ya pili iwezayo kubeba uzito na kuzuia maji, ndipo wakapanda. Zilizoleta hasara aghalabu ni zile ambazo watu walitazama uzuri wa majani kwanza, na kilichoyabeba majani hayo wakakifikiri baadaye. Jambo hili si la anasa. Miji ya Afrika Mashariki yazidi kujaa siku kwa siku, na fikira ya kuotesha majani juu ya majumba imeanza kusikika kwetu pia. Yafaa tujue wenzetu walipita wapi.

Bustani ya namna hii iliyo mashuhuri kupita zote ni ile ya Babeli, ambayo watu wa kale waliihesabu miongoni mwa maajabu saba ya dunia. Kwa Kiswahili twaiita bustani iningʼiniayo, kwa kufuata lugha za Ulaya. Hapa lugha imetupoteza kidogo. Neno la Kigiriki kremastos na la Kilatini pensilis, yaliyotumiwa na waandishi wa kale, hayana maana ya kuningʼinia hewani tu kama taa ya kamba. Yanaweza pia kutaja kitu kilichoinuliwa juu ya nguzo au kilichotokeza kama roshani. Kwa hiyo bustani ile haikuning'inia. Ilisimama, na ilisimama juu ya kitu.

Kitu hicho kilielezwa na Diodorus, mwandishi wa Kigiriki wa kisiwa cha Sicilia, katika karne ya kwanza kabla ya kuzaliwa Kristo. Asema kwamba juu ya kuta yaliwekwa mawe marefu mfano wa boriti, kila moja kiasi cha futi 16. Juu ya mawe yakatandazwa matete yaliyolazwa katika lami nyingi. Juu ya matete, safu mbili za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo wa kujengea. Juu ya matofali, mabamba ya risasi ili unyevu wa udongo usipenye chini. Baada ya hayo yote ndipo ukamwagwa udongo wenye kina cha kutosha mizizi ya miti mikubwa, na maji yakapandishwa kutoka mtoni kwa vyombo vilivyofichwa machoni pa watu. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Msomaji atambue kwamba katika maelezo haya mwandishi ametumia maneno mengi zaidi kwa yale yaliyo chini ya udongo kuliko kwa miti yenyewe.

Kama bustani hiyo ilikuwako kweli Babeli, hilo ni jambo la ubishi. Katika maandishi ya Babeli yenyewe, hata yale ya mfalme Nebukadneza ambaye hakuchoka kujisifu kwa majengo yake, haikutajwa. Mjerumani Robert Koldewey, aliyechimba magofu ya mji ule tangu mwaka 1899 hata 1917, alidhani ameupata msingi wake katika jengo moja lenye vyumba vya matao. Lakini vibao vya maandishi vilivyopatikana humo vyahusu ugawaji wa vyakula, na wengi sasa huliona jengo hilo kuwa ghala. Mwaka 2013 mtaalamu wa Uingereza, Stephanie Dalley, alitoa kitabu akitetea rai kwamba bustani ile ilikuwa Ninawi, kazi ya mfalme Senakeribu wa Ashuru, aliyetawala tangu mwaka 705 hata 681 kabla ya Kristo. Mfalme huyo alileta maji mjini kutoka milimani kwa mifereji, na daraja la mawe lililopitisha maji hayo mahali paitwapo Jerwan magofu yake yapo hata leo. Iwe Babeli au Ninawi, bustani hiyo ilikuwa mali ya mfalme mwenye mikono ya watu wengi. Haikuwa bado dawa ya mji uliobanana.

Habari ya mji uliobanana twaipata Misri. Msafiri wa Kiajemi, Nasir Khusraw, aliyekaa huko katikati ya karne ya 11, alistaajabia majumba marefu ya Fustat, mji uliokuwa kando ya Kairo. Aliandika habari aliyosimuliwa kwamba mtu mmoja alikuwa na bustani juu ya nyumba ya ghorofa saba. Alimpandisha ndama huko juu akiwa mdogo, akamlea hata akawa ng'ombe mzima. Akajenga gurudumu la kuvuta maji kutoka kisimani, na ng'ombe yule akawa akilizungusha. Kwa maji hayo mtu yule akapanda michungwa, migomba na maua. Msafiri hakusema kwamba aliiona bustani hiyo kwa macho yake, nasi tuipokee hivyo. Lakini habari yenyewe ina mantiki ya mtu ajuaye kazi: kabla ya kutaja michungwa imetaja ng'ombe, gurudumu na kisima. Yaani swali la kwanza la bustani ya juu ni nani atayapandisha maji, na kwa nguvu gani.

Tukirudi pwani yetu, twakuta jambo la ajabu: wazee wetu walikuwa na paa liwezalo kukanyagwa, lakini hawakulifanya bustani. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliusifu mji wa Kilwa kwa nyumba zake za mawe na chokaa zenye mapaa bapa, zilizopangwa vizuri kwa mitaa. Kisha akasema kwamba kuuzunguka mji kulikuwa na mashamba ya miti ya matunda na mifereji ya maji matamu. Mpango huo wote umo katika neno letu la kiunga. Kiunga ni shamba la miti lililo karibu na mji, na tena ni pembezoni mwa mji. Mtu akisema viunga vya mji huenda ana maana ya miembe au ana maana ya mitaa ya nje. Neno latokana na kuunga: ni mahali palipoungwa na mji. Mji ulikuwa wa mawe ndani na wa majani nje, na mtu aliyetaka kivuli alitembea kidogo tu.

Tena sakafu yenyewe isingekubali. Fundi alilaza boriti za mikoko kutoka ukuta hata ukuta, na kwa kuwa boriti hazina urefu mwingi, upana wa chumba aghalabu haukuzidi mita 3. Juu ya boriti alipanga vipande bapa vya mawe ya matumbawe, kisha akamwaga kokoto na chokaa, na watu wengi wakapiga kwa magongo huku wakiimba, hata mchanganyiko ukashikamana na kuwa mgumu. Sakafu hiyo ilikuwa nzito mno hata kabla ya kutwikwa kitu kingine. Isitoshe, chokaa hunywa maji, na boriti ikikaa na unyevu huoza. Ndiyo sababu maji ya mvua yaliharakishwa kuondoka kwa mlizamu, na nyufa zikazibwa kabla ya masika. Watu walipunga upepo huko juu, walianika vitu vyao, walilala usiku wa joto. Lakini udongo wenye maji siku zote ungeila nyumba kutoka juu.

Hata bila bustani mvua zetu zilikuwa adui. Paa bapa lafaa sana Maskati, ambako mvua ya mwaka mzima ni kiasi cha milimita 100. Unguja hupata milimita 1,500 na zaidi. Basi katika Mji Mkongwe wa Unguja mapaa mengi yaliyokuwa bapa yalifunikwa baadaye kwa mabati ya mteremko. Ikawa ghorofa ya juu yapata joto la bati, na sakafu ya juu, iliyokuwa mahali pa watu, ikageuka kuwa paa tu. Neno likarudi lilikotoka.

Ulaya ya Kaskazini ilikuwa na desturi nyingine. Katika Norwe watu wa mashamba walifunika nyumba kwa udongo wenye majani, nao walitandaza kwanza magome ya miti yasiyopitisha maji, tabaka juu ya tabaka. Lakini hizo zilikuwa nyumba za shamba. Mjini, jambo lilianza upya kwa sababu ya hofu ya moto. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mji wa Berlin ulijaa wafanyakazi waliokaa katika majumba makubwa yaliyogusana. Wajenzi wakaezeka majumba mengi kwa karatasi zilizopakwa lami, na ili lami isishike moto wakaifunika kwa mchanga na changarawe. Upepo ukaleta mbegu; majani yakaota bila ya kupandwa na mtu. Mjenzi mmoja wa mji huo, Carl Rabitz, aliandika kijitabu mwaka 1867 akiyasifu mapaa ya namna hiyo yenye bustani. Katika miaka ya 1980 wataalamu walipoyachunguza yale mapaa ya changarawe waliona kwamba baadhi yake, baada ya karibu miaka 100, yalikuwa bado yanazuia maji. Mchanga na majani yalikuwa yameikinga lami isipasuliwe na jua na baridi. Hapa kuna funzo kubwa: udongo ukiwekwa juu ya utando mzuri huulinda, ila ukiwekwa juu ya utando mbovu huficha ufa.

Sehemu hiyo ya pili ya funzo ilionekana Ufaransa. Zege lenye nondo lilipoenea, wajenzi waliweza kufanya paa bapa la upana ambao boriti zetu zisingeweza kuufikia. Le Corbusier, aliyezaliwa Uswisi, alitangaza mwaka 1927 kanuni tano za ujenzi mpya, na mojawapo ilikuwa bustani ya juu ya paa. Hoja yake ilikuwa nzuri: nyumba imeichukua ardhi, basi na irudishe ardhi hiyo juu yake, tena unyevu wa udongo utalikinga zege lisitanuke na kusinyaa. Lakini nyumba yake mashuhuri, Villa Savoye ya Poissy karibu na Paris, iliyomalizika mwaka 1931, ilivuja tangu miaka yake ya mwanzo, na wenyewe wakalalamika kwamba haikaliki. Nyumba hiyo leo yahifadhiwa na kutazamwa na wageni wa dunia nzima. Fikira iliyoijenga haikuwa na kosa. Utando na viungo vya wakati ule ndivyo vilivyopungukiwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ufa wa juu una hila kuliko wa ukutani, kwa sababu maji hutokea mbali na mahali yalipoingilia.

Miaka michache baadaye London ilionyesha kinyume chake. Mwaka 1938 ilifunguliwa bustani juu ya duka kubwa la Derry & Toms huko Kensington, kazi ya Ralph Hancock aliyekwisha kutengeneza bustani juu ya majumba ya Rockefeller Center, New York. Ilikuwa na eneo la eka moja na nusu, juu ya mtaa kwa kiasi cha mita 30. Chini kulikuwa na tabaka nene la lami. Juu yake vipande vya matofali na kifusi vilivyopangwa ili maji yapate njia. Kisha udongo usiozidi kina cha mita 1. Miti ya kivuli ilikua katika udongo huo mchache. Duka lilifungwa mwaka 1973, bustani ikabaki. Msomaji akililinganisha tabaka hilo na yale ya Diodorus ataona kwamba katika miaka elfu mbili mpangilio ulikuwa haujabadilika sana.

Tangu miaka ya 1970 Wajerumani ndio walioifanya kazi hii kuwa elimu yenye kanuni zilizoandikwa. Walitambua maadui watatu: uzito, maji na mizizi. Kwa ajili ya maji huwekwa utando wa kuyazuia. Kwa ajili ya mizizi, ambayo hutafuta ufa kama mwizi atafutavyo mlango, huwekwa utando wa pili. Juu yake tabaka la kupitisha maji, kitambaa cha kuchuja udongo usizibe njia, na mwisho udongo. Udongo wenyewe si wa shambani. Udongo wa kawaida ukilowa huwa na uzito wa tani moja na nusu hata mbili kwa kila mita moja ya ujazo. Maana yake, kina cha sentimita 10 tu huongeza kilo 150 hata 200 kwa kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo hutumiwa mchanganyiko mwepesi wa mawe yenye vitundu, kama yale ya volkano. Zikapatikana bustani za namna mbili: ile nyembamba, ya mimea midogo ihifadhiyo maji katika majani yake, isiyohitaji kutunzwa sana, na ile nene, ya miti na maua, ambayo jengo lake lazima lipigiwe hesabu tangu mwanzo.

Marekani na Kanada zikafuata. Mwezi Julai 1995 joto kali liliua watu zaidi ya 700 katika mji wa Chicago, na watu wakaona wazi jinsi mji wa lami na zege unavyoshika joto hata usiku. Mwaka 2001 juu ya jumba la halmashauri ya mji huo, lililojengwa mwaka 1911, ilikamilika bustani ya mimea ipatayo 20,000. Kwa kuwa jengo lilikuwa la zamani, wahandisi walitandaza udongo mwembamba karibu kila mahali, na udongo mnene wakauweka pale tu palipokuwa na nguvu chini yake. Mwaka 2009 halmashauri ya Toronto ilipitisha sheria ya kuwalazimisha wajengao majumba mapya yenye eneo la sakafu zaidi ya mita 2,000 za mraba kuotesha majani juu ya sehemu ya paa, kuanzia asilimia 20 hata 60 kwa kadiri ya ukubwa wa jengo. Toronto ililenga majengo mapya, ambayo sakafu yake ingali karatasini.

Sasa na tujitazame wenyewe. Hesabu ya mwaka 1967 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na watu wapatao 273,000. Ile ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya milioni 5.3. Viunga vilivyokuwa mwendo wa miguu kutoka sokoni vimekuwa mitaa. Paa la mita 100 za mraba, kwa mvua ya milimita 1,100 kwa mwaka, hupokea lita 110,000, na karibu zote hukimbilia mtaroni kwa pamoja. Mafuriko ya Desemba 2011 yalitufundisha maji ya namna hiyo huishia kwa nani: huishia kwa wakaao mabondeni. Bustani ya juu huchelewesha maji, hupooza chumba kilicho chini yake, hurudisha ndege na nyuki. Katika nchi za baridi bustani nyembamba huweza kuzuia kiasi cha nusu ya mvua ya mwaka. Lakini tusidanganyane: mvua ya masika ikimwagika siku tatu mfululizo, udongo ukisha kushiba, yanayozidi yatateremka kama kawaida. Na wakati wa kiangazi, bustani inywayo maji ya bomba ambayo jirani hayapati haiwezi kuitwa rafiki wa mazingira, hata ikiwa na rangi nzuri namna gani. Bustani ya kwetu yahitaji birika la kuhifadhi maji ya masika, na mimea iliyozoea kiangazi chetu.

Yahitaji zaidi uaminifu wa mjenzi. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa iliyokuwa ikijengwa katikati ya Dar es Salaam ilianguka na kuua watu 36. Haikuwa na bustani. Ilianguka kwa uzito wake yenyewe. Atakayepandisha tani za udongo juu ya jengo ambalo nondo na zege lake hazikupimwa kwa mzigo huo anawatwika walio chini hatari wasiyoijua. Kwa hiyo nasema kwamba mahali pa kuanzia si duka la miche. Ni mezani pa mhandisi, na katika sheria ya majengo mapya. Majengo ya zamani yapimwe moja moja, na lile lisiloweza liachwe na vyungu vichache vilivyowekwa penye nguzo.

Mwisho nitarudi katika lugha. Siku hizi watu husema bustani ya paa. Neno bustani ni la Kiajemi, maana yake ya asili ni mahali pa harufu nzuri, nasi tumelizoea. Sina ugomvi nalo. Neno paa ndilo linaloniletea shaka, kwa kuwa katika fikira zetu paa ni kitu cha kuezekwa na kuachwa: makuti, madebe, mabati. Asikiaye bustani ya paa huona majani yaliyoongezwa juu ya nyumba iliyokwisha. Ningependa tujaribu kusema kiunga cha sakafuni. Jina hilo lakumbusha kwamba tunachotafuta ni kile kiunga tulichokipoteza, na kwamba hakiwezi kuungwa na mji ila kwa sakafu iliyojengwa kukibeba. Kama wasomaji wanalo neno bora, na walitoe.

Nawaomba hasa wale wakaao Lamu, Pate, Mombasa na Unguja wawaulize mafundi wazee majina ya sehemu za sakafu ya kale: matabaka yake, magongo ya kupigia, mchanganyiko wa chokaa, njia za maji. Mengi ya maneno hayo hayamo katika kamusi, na waliofanya kazi hiyo wamebaki wachache. Wahandisi wetu watakapokaa kuandika kanuni za ujenzi huu kwa Kiswahili, watahitaji maneno. Ingekuwa aibu wayakope ng'ambo ilhali yako mdomoni mwa mzee wa mtaa wa pili.